Kufundisha kwa ngoma darasa la awali: anza na kusimama

Ngoma inapolia, mtoto wa miaka mitano hangoji kuambiwa acheze. Kazi iko kwenye kumfanya asimame. Nimefundisha darasa la awali huku ukanda wa Pwani kwa miaka mingi, na mwalimu mgeni akiniuliza ashike nini kabla hajaleta ngoma darasani, namjibu hilo hilo: mfundishe mtoto kusimama ngoma inapokatika. Hesabu, silabi, herufi na kusubiri zamu vyote vitapita mlango huo.

Nawaandikia walimu wa awali, wa darasa la kwanza na la pili, hasa wenye watoto wengi na vifaa vichache. Mlezi wa kituo cha kulelea watoto mchana naye atapata cha kuchukua, na mzazi pia. Sizungumzii kuandaa watoto watumbuize siku ya mahafali mbele ya mgeni rasmi. Nazungumzia ngoma kama njia ya kufundishia, Jumanne ya kawaida, siku ambayo hakuna mgeni yeyote.

Kwetu neno ngoma ni chombo, ni uchezaji, na ni watu kukutanika. Babu zetu hawakutenga saa ya kucheza na saa ya kufunzwa. Mtoto alijifunza majina ya mazao, heshima, historia ya ukoo na kazi ya shamba akiwa amesimama kwenye mduara. Baadaye shule ikaja na madawati, ngoma ikabaki nje ya dirisha. Desemba 1962, akiunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wasomi wa Tanganyika walijua rumba, chachacha na twisti, lakini wachache mno waliweza kucheza gombe sugu, kiduo au lelemama. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), na kimefunza wasanii wengi. Darasani kwa watoto wadogo, hata hivyo, ngoma bado inachukuliwa kama zawadi baada ya somo. Nataka iwe somo lenyewe.

Hatua ya kwanza: fundisha kusimama

Mara ya kwanza nilipoingiza ngoma darasani nilikuwa na watoto 74. Nilianza na wimbo, kwa sababu wimbo ndio niliouandaa. Hazikupita dakika mbili, watoto wakawa wanakimbizana, wawili wakagongana, mmoja akapasuka mdomo kwenye kona ya dawati. Nilimkanda, nikamngoja mama yake getini, nikamweleza kwa kinywa changu. Niliwapa watoto mwendo kabla sijawapa breki.

Tangu hapo, siku tatu za mwanzo sifundishi wimbo wala mtindo wowote wa kucheza.

Siku ya kwanza napiga dumu polepole, watoto wanatembea tu, kila mmoja akitafuta nafasi isiyo na mtu. Nikikata, wanaganda: miguu imeshika ardhi, mikono imetulia, macho kwangu. Nahesabu kimoyomoyo mpaka tatu, kisha naendelea. Siku ya pili nabadilisha kasi na nakata bila taarifa, na ule muda wa kuganda naurefusha mpaka kumi. Siku ya tatu nageuza sheria: ngoma ikilia, simama, ikinyamaza, tembea.

Hiyo siku ya tatu usiikose. Dumu linalia, na mwili wote wa mtoto unataka kwenda. Unamwona msichana mmoja mguu wa kulia ukiwa hewani, vidole vya mguu wa kushoto vimechimba mchanga, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, anatetemeka kidogo lakini haendi. Pale anafanya kazi kubwa kuliko nyingine yoyote atakayoifanya siku hiyo. Anajizuia. Uwezo huo huo ndio utakaomsaidia kusubiri zamu, kusikiliza agizo mpaka mwisho, kutopayuka jibu, kutomsukuma mwenzake kwenye foleni ya uji. Watafiti wa makuzi hupima utayari wa mtoto kwa shule kwa mchezo wa namna hii: mtoto anaambiwa aguse kichwa, naye anatakiwa aguse vidole vya miguu. Wewe unaweza kuufanya kila asubuhi bila karatasi wala kalamu.

Usimtoe nje mtoto aliyekosea, wala usifanye mashindano ya anayebaki wa mwisho. Wanaotolewa mapema ndio hasa wanaohitaji zoezi hilo, na ukiwatoa watakaa pembeni kutazama wenzao waliokwisha kuweza.

Hatua ya pili: uwanja, muda na vyombo

Cheza nje, chini ya mwembe au mkungu kama upo, kabla jua halijawa kali. Pita kwanza wewe mwenyewe ukitazama misumari, vigae na mbigili. Chora duara mbili kwa majivu, ya ndani na ya nje. Darasa likiwa kubwa, walio ndani wanacheza, walio nje wanapiga makofi na kuhesabu, kisha wanabadilishana. Watoto 74 hawachezi wote kwa pamoja hata siku moja. Asiyecheza awe na kazi: anahesabu, anapiga kopo, au anatazama jambo moja utakalomuuliza baadaye.

Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi, na kwa darasa la awali ni kweli tupu. Dakika 15 zinatosha, 20 kama mmenoga. Wapo watoto wanaokuja shule na njaa, kwa hiyo ngoja uji unywewe kwanza, ushuke kama nusu saa, ndipo mtoke.

Vyombo usisubiri bajeti. Dumu la mafuta la lita 20, likiwa kavu na limefungwa kifuniko, lina sauti mbili: katikati nzito, pembeni nyepesi. Makopo ya maziwa yenye punje za mahindi yanatosha kuwa manyanga. Vizibo vya soda ponda kingo zake zisikate, toboa kwa msumari, funga kwenye waya. Vifuu viwili vya nazi vikigonganishwa vinasikika mpaka barabarani. Kama shule ina ngoma ya ngozi, ianike juani kidogo kabla ya kipindi, kwa sababu asubuhi yenye unyevu ngozi hulegea na sauti ikafa.

Wapo walimu wanaopenda kutumia simu na spika. Mwanzoni nakataa. Spika haimwoni mtoto. Mkono wangu kwenye dumu unaweza kupunguza mwendo kwa ajili ya yule aliyebaki nyuma, na ukakata mara tu ninapoona wawili wanakaribia kugongana.

Hatua ya tatu: chagua jambo moja, liulize maswali manne

Kabla hujatoka nje, jiulize: leo nataka watoto waelewe nini? Liwe jambo moja tu, kama "juu ya na chini ya", au namba 5, au silabi. Kisha litafutie mwendo. Kwenye kutafuta mwendo nasaidiwa na maswali ya Rudolf Laban, mtaalamu wa uchezaji aliyezaliwa Bratislava mwaka 1879, akaishia Uingereza, na mwaka 1948 akachapisha kitabu kuhusu uchezaji kwa ajili ya shule. Kwa lugha ya uwanjani mafundisho yake yanakuja hivi: Kiungo gani kinacheza? Kinaelekea wapi? Kinakwenda vipi, kwa uzito au wepesi, haraka au taratibu? Na kinacheza na nani?

Chukua "mvua" kama mfano. Vidole peke yake, kutoka juu kwenda chini, kwa wepesi, kila mtu kivyake: ni manyunyu. Miguu yote, palepale, kwa uzito na haraka, darasa zima: ni masika. Mtoto akishacheza zote mbili, muulize tofauti yake. Atakujibu kwa maneno ambayo jana hakuwa nayo, na maneno hayo ndiyo lengo la kipindi cha lugha.

Hatua ya nne: silabi miguuni

Hapa ngoma ina faida ambayo sijaiona kwenye chati yoyote ya ukutani.

Anza na majina yao. Mtoto anaingia katikati, anataja jina lake huku akikanyaga, hatua moja kwa kila silabi, na duara lote linamrudishia. Kisha vitu vya darasani: ki-ti mbili, cha-ku-la tatu, mwa-na-fu-nzi nne. Waache wabishane.

Ubishi mkubwa utatokea kwenye neno "mtu". Wengi hukanyaga mara moja. Usiwasahihishe haraka. Waambie waweke kidole kwenye midomo, waseme taratibu: m... tu. Midomo inafunga, sauti inabaki ndani ya pua, halafu inafunguka. Ile m imesimama peke yake, ina pigo lake. Kwa hiyo ni hatua mbili. Vivyo hivyo m-bwa, n-chi, n-ge. Halafu waletee "mbuzi". Wataruka mara tatu kwa furaha, na hapo watakuwa wamekosea, kwa sababu mb ya mbuzi imeshikana: mbu-zi, hatua mbili. Ng'ombe naye ni wawili, ng'o-mbe. Mtoto wa awali hahitaji kanuni ya sarufi kwa haya. Mguu ukishazoea, sikio linafuata. Na mwakani, atakapoandika, hutamwona akiandika "mutu" kama wafanyavyo wengi ambao nyumbani wanaongea lugha nyingine za Kibantu, maana atakuwa ameshaisikia m isiyo na irabu ikichukua hatua yake kamili.

Wakishaweza kuhesabu hatua, ongeza uzito. Katika maneno mengi ya Kiswahili mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi hapo mtoto akanyage kwa kisigino, kwingine kwa ncha za vidole. Mwa-LI-mu. Cha-KU-la. Sasa toka "nyumba" uende "nyumbani": NYU-mba, nyu-MBA-ni. Kisigino kimehama! Shule, shuleni, soko, sokoni. Watoto wa darasa la kwanza hupenda mno kukifukuza kisigino hicho. Kwa darasa la pili nawapa neno "barabara". Ile ya magari ni ba-ra-BA-ra. Ile ya kusema kazi imefanyika sawasawa ni ba-RA-ba-ra. Kwenye karatasi hayo ni maneno mawili yanayofanana herufi kwa herufi. Kwenye mchanga tofauti inaonekana kwa macho.

Kata ngoma katikati ya neno mara kwa mara. Mmekanyaga cha-ku, kimya. Nani anamalizia? Mtoto anayejaza silabi iliyobaki kwa mguu, bila kuitamka, tayari anaisikia kichwani, na huko ndiko kusoma kunakoanzia.

Hatua ya tano: hesabu, na sifuri inayosimama

Panga mawe kumi na moja kwa mstari, chora namba 0 mpaka 10. Mtoto anasimama kwenye 0, ngoma inapiga mara tatu, anasogea mara tatu. Yuko wapi?

Utaona kosa ambalo lipo karibu kila darasa: mtoto anahesabu mahali alipoanzia kuwa ni moja, kwa hiyo anaishia kwenye 2. Unaweza kumweleza kwa mdomo wiki nzima asielewe. Kwa ngoma nasema hivi: kabla dumu halijalia, wewe ni sifuri, na sifuri inasimama. Moja haizaliwi mpaka pigo lisikike. Wale waliojifunza kusimama siku tatu za kwanza wanashika hapo hapo. Wameshakaa ndani ya ule ukimya, wanajua ni kitu.

Kutoka hapo kujumlisha ni mapigo ya kwenda mbele, kutoa ni ya kurudi kinyumenyume. Piga nne, nyamaza, piga mbili: wako kwenye 6. Usiseme jibu. Waache watazame jiwe.

Kwa makundi, tumia mwendo wa kazi. Wasukuma wana bugobogobo, ngoma inayochezwa kwa majembe na iliyotokana na kulima kwa pamoja. Watoto wanashika jembe la kufikirika, wanainua, wanashusha pamoja. Kila wakishusha mara mbili mmoja anaweka kijiti chini. Vijiti vitano, wameshusha mara ngapi? Hiyo ni mbili mara tano, na hakuna aliyeikariri.

Wakubwa kidogo nawawekea mawe 12 kwa mduara. Mtoto mmoja anazunguka, jiwe moja kila pigo. Kundi la kwanza linapiga kofi kila jiwe la tatu, kundi la pili linakanyaga kila jiwe la nne. Makofi yanakuja mara nne, vishindo mara tatu, na vinakutana kwenye jiwe la 12 tu. Ngoma nyingi za Afrika huzunguka katika mapigo 12, na utamu wake uko humo humo, mbili na tatu na nne zikipishana na kukutana. Siku mwalimu wa madarasa ya juu atakapowaandikia ubaoni Kigawe Kidogo cha Shirika, watakuwa wameshawahi kukikanyaga.

Hatua ya sita: herufi kubwa kabla ya kalamu

Hii nitaipitia haraka. Mtoto humudu bega kabla ya kiwiko, kiwiko kabla ya kifundo, vidole mwisho. Kumpa penseli ya kuandika "a" ndogo kwenye mstari kabla hajaiandika hewani kwa mkono mzima ni kumtafutia machozi. Chora herufi kwa kijiti mchangani, kubwa kama mkeka, watoto waipite kwa miguu wakianzia pale pale kalamu itakapoanzia. Kwa b na d, wape mwendo tofauti: b inaanza na kushuka kwa kishindo, d inaanza na kuzunguka. Kuzigeuza ni kawaida mpaka kama miaka saba, usimchape wala usimwite mzembe.

Kuna jambo lazima niseme hapa. Katika semina utasikia kwamba kuvusha mkono wa kulia kugusa goti la kushoto kunaunganisha pande mbili za ubongo na kumfanya mtoto awe na akili. Ni zoezi zuri la mwili na watoto wanalifurahia, lakini dai hilo la ubongo halina ushahidi wa kutegemewa. Tusiwaahidi wazazi tusichokuwa nacho. Tulichonacho kinatosha.

Hatua ya saba: mwite mzee

Mcheza kwao hutuzwa. Waagize watoto waulize nyumbani: bibi ulicheza ngoma gani ulipokuwa mdogo? Kesho yake utashangaa darasa lina nini ndani. Mmoja atakuja na mdundiko wa Kizaramo, mwingine sindimba ya Wamakonde, mwingine muheme, ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huipiga wakiwa wameibana mapajani. Mwenye asili ya Pemba atakuletea msewe, ngoma iliyopewa jina la vile vinavyofungwa miguuni na kuchakacha kila hatua.

Sisi tulimwalika bibi mmoja jirani na shule, aliyewahi kucheza lelemama. Watoto walitarajia kishindo. Bibi akasimama, akatengeneza kanga, akawaambia, "Wajukuu zangu, shikeni mstari, msinipite." Kisha mikono yake ikaanza kwenda taratibu, kichwa kikifuata, miguu karibu haitoki mahali pake. Watoto wakamwiga. Mvulana mmoja, ambaye mimi hunichukua nusu kipindi kumtuliza, alikaa kwenye mstari ule dakika tisa, macho kwenye vidole vya bibi. Baadaye nilimuuliza alikuwa anatazama nini. Akaniambia, "Bibi anasimama huku anacheza."

Mpokee mzee kwa heshima yake: mwandalie kiti, chai na nauli ikibidi, na watoto wamwamkie "shikamoo" mmoja mmoja. Kaa naye kabla ya siku yenyewe mkubaliane kinachofaa umri huu. Ngoma za jando na unyago zina mahali pake na wenyewe, si darasani. Na viuno vya vigodoro watoto wamevijua bila msaada wetu. Wakivileta usiwaaibishe, badilisha pigo, wape mguu kazi nyingine.

Hatua ya nane: kila mtoto, na kila mzazi

Mtoto kiziwi anacheza. Mwache aweke viganja juu ya dumu au asimame karibu asikie mtetemo kifuani, na tumia kitambaa: kikiinuliwa ngoma inalia, kikishushwa imekata. Ukishazoea kitambaa utaona hata wenye masikio wanatulia zaidi. Mtoto wa kiti mwendo anakanyaga silabi kwa viganja mapajani, na mara nyingine duara zima licheze kwa viganja, yeye awe kiongozi. Mwenye ualbino asimame kivulini, kofia kichwani, mikono mirefu. Kama kivuli hakitoshi wote, chezeni ndani siku hiyo. Mwenye selimundu acheze, lakini apewe maji kabla na baada, apumzike anapotaka yeye, na asibaki na shati lililolowa jasho kwenye upepo. Mwenye pumu dawa yake iwe karibu, na vumbi mwagia maji kwanza.

Mwenye haya usimvute mkono. Mpe kopo apige. Nimekuwa na mtoto aliyepiga kopo miezi miwili bila kuingia kwenye duara, na pigo lake lilikuwa sahihi kuliko la mtu yeyote.

Wapo wazazi ambao kwa dini yao hawapendi muziki shuleni. Nenda ukawasikilize kabla hawajaja kulalamika. Wengi wakishaona ni kukanyaga silabi na kuhesabu kwa makofi, hawana neno. Asiyeridhika, mwanawe apewe hesabu za makofi na hatua bila wimbo. Somo halipungui kitu.

Mwalimu mkuu naye anaweza kukuuliza kwa nini watoto wako nje. Mwambie kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu na minne apate walau dakika 180 za kujishughulisha na mwili kwa siku, na kati ya hizo 60 ziwe za kutoa jasho. Mwambie pia kwamba Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inaweka ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Halafu mkaribishe aje asimame kwenye duara. Hilo lina nguvu kuliko karatasi zote mbili.

Hatua ya tisa: kaa chini, chora

Bila hatua hii mmecheza tu. Ngoma ikishakatika mara ya mwisho, watoto wanakaa palepale, wanavuta pumzi, wanaweka kiganja kifuani kusikia moyo. Dakika moja. Kisha uliza swali moja: "Mbuzi" ilikuwa hatua ngapi? Nani alisimama wapi?

Ndani ya darasa wanachora walichokanyaga. Tumekubaliana alama: mstari mdogo ni hatua, nukta ni kofi, duara tupu ni kusimama. Mtoto anaandika mstari, mstari, duara, nukta. Mwenzake anaisoma na kuicheza. Pale wameshaelewa kwamba alama kwenye karatasi inabeba sauti na kwamba mtu mwingine anaweza kuifungua. Tunaanza kuisoma kushoto kwenda kulia, kama tutakavyosoma herufi.

Hatua ya kumi: andika ulichoona

Huwezi kuwapima watoto 74 kwa siku. Chagua watano kila siku, andika mistari miwili kwa kila mmoja. Anaweza kuganda? Anashika pigo la polepole, ambalo ni gumu kuliko la haraka? Anaruka kwa mguu mmoja, jambo ambalo wengi huliweza kati ya miaka minne na mitano? Anasubiri zamu? Anaweza kusema kwa maneno alichokifanya? Usimpe alama za uzuri wa kucheza. Hilo halihusiani na kazi yetu.

Daftari hili huonyesha mambo ambayo mtihani hauyaoni. Nilikuwa na mtoto ambaye wiki mbili mfululizo nilimwandikia "hasimami". Nikadhani ni utundu. Nilipopitia daftari upya nikagundua anasimama vizuri kila anaponitazama, na anachelewa kila anaponipa mgongo, mpaka awaone wenzake wamesimama. Nilimwita mama yake, tukakubaliana ampeleke kituo cha afya. Masikio yote mawili yalikuwa na maambukizi ya muda mrefu, akatibiwa. Sasa kila muhula, wiki ya kwanza, siku ya kwanza na ya pili napiga dumu nikiwa mbele yao, na siku ya tatu nahamia nyuma ya migongo yao, naanza kupiga ghafla bila kusema neno, na kuandika majina ya waliochelewa kusimama.